Pakanga ya kando ya mto: Mjue mmea na kwao kabla ya kununua gunia

NENO "artemisia" likiandikwa juu ya gunia halikuambii kilichomo ndani. Ukoo unaoitwa kwa jina hilo una aina kati ya 400 na 500 za mimea duniani. Hapa Afrika Mashariki aina mbili tofauti huuzwa kwa jina hilo moja, na kuna gugu la tatu ambalo halimo kabisa katika ukoo huo ila jani lake linafanana nao.

Kwa mfanyabiashara anayevusha majani makavu Namanga, Holili, Malaba au Mutukula, huu si mjadala wa wataalamu wa mimea peke yao. Ni suala la shehena kulipwa au kurudishwa. Mnunuzi wa kiwanda akipima na kukuta mmea siyo, hakulipi. Afisa wa afya ya mimea akikuta mbegu za gugu, lori halivuki. Gharama ya yote mawili inamwangukia mwenye mzigo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua pakanga ya mwituni inayoota kandokando ya vijito vya milimani, mahali inapopatikana, mimea inayofanana nayo, na mambo ya kuhakikisha kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Pakanga ni mmea gani?

Neno pakanga wasomaji wengi wamelikuta katika Biblia, katika kitabu cha Ufunuo, kama jina la nyota inayoyafanya maji kuwa machungu. Ni jina la Kiswahili la mimea michungu ya ukoo wa artemisia.

Baadhi ya ndugu wa ukoo huu wanapenda sana kingo za mito. Ulaya ipo aina iitwayo kitaalamu Artemisia vulgaris, ambayo huota kwenye kingo za mito, kando ya barabara na mahali palipochimbuliwa. China ipo Artemisia selengensis, inayoota kwenye ardhi yenye maji kandokando ya mito na maziwa, na mabua yake machanga huliwa kama mboga.

Kwetu pakanga ya mwituni ni Artemisia afra. Nchini Tanzania moja ya majina yake ni fivi, na ndilo tutakalotumia hapa. Afrika Kusini Waxhosa na Wazulu huiita umhlonyane, na Wasotho na Watswana huiita lengana. Mfanyabiashara anayewasiliana na wanunuzi wa kusini ayajue majina hayo, kwa sababu huko ni mojawapo ya miti shamba inayofahamika zaidi.

Alama za kuitambua fivi

Fivi ni kichaka cha kudumu, si mmea wa msimu mmoja. Hutoa mashina mengi kutoka chini, hukua hadi kufikia mita 2, na mashina yake huwa magumu kama mti karibu na ardhi. Ukikata sehemu ya juu huchipua tena.

Jani lake limekatikakatika vipande vyembamba, mfano wa jani la karoti. Upande wa juu ni kijani kilichokolea. Upande wa chini, pamoja na mashina machanga, umefunikwa na vinyweleo vidogo vyeupe, na ndiyo maana kichaka kizima ukikitazama kwa mbali huonekana cha kijivujivu. Hii ndiyo alama ya kwanza.

Alama ya pili ni maua. Ni vidonge vidogo vya rangi ya manjano hafifu, vyenye upana wa milimita 3 hadi 4, vinavyoinama kuelekea chini na kujipanga kwa wingi kwenye ncha za matawi. Havina petali nyeupe.

Alama ya tatu ni harufu. Sugua jani moja kati ya vidole. Fivi hutoa harufu kali yenye utamu kidogo na ukafuri ndani yake, na ukionja ni chungu. Hata hivyo harufu peke yake isikutoshe, kwa kuwa mafuta ya kunukia ya fivi hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Fivi ya Ethiopia, ya Kenya na ya Afrika Kusini zimepimwa na kuonekana kuwa na mchanganyiko tofauti wa mafuta. Kwa hiyo mnunuzi wa mafuta hana budi kujua mzigo umetoka mlima gani.

Inaota wapi?

Fivi hupatikana kuanzia nyanda za juu za Ethiopia, ikapita Kenya, Uganda na Tanzania, ikashuka Malawi na Zimbabwe hadi Lesotho na Afrika Kusini. Katika ukanda wetu ni mmea wa baridi. Maeneo yake ni mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye milima kama Kilimanjaro, Meru, Elgon, Mlima Kenya na safu ya Aberdare.

Katika mwinuko huo huipenda miteremko yenye unyevu, kingo za vijito, pembezoni mwa misitu na nyasi za milimani. Inataka jua, hivyo hutaikuta katikati ya msitu mnene. Inataka unyevu, lakini haikai ndani ya maji kama matete. Itafute pale ukingo unapoinuka na maji yanapopita bila kutuama.

Hapa ndipo wengi huingizwa mjini. Muuzaji anasema, "Hii imechumwa kando ya mto," na mnunuzi anaridhika. Swali la kuuliza ni mto gani, na sehemu gani ya mto huo. Kijito cha mlimani chenye maji baridi kinaweza kuwa na fivi. Mto huohuo ukishafika tambarare zenye joto, kando yake utakuta mimea mingine, na baadhi yake ni hiyo inayofanana na fivi kwa jani. Mzigo unaosemekana kuwa ni fivi ya mwituni kutoka bonde lenye joto la mita 600 au 800 ukaguliwe mara mbili.

Ndugu wa shambani

Aina ya pili inayouzwa kwa jina la artemisia ni Artemisia annua, asili yake Asia, hasa China. Hiyo ndiyo hutoa artemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipata tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa kazi ya kugundua kiini hicho.

Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walianza kuilima kwa mkataba. Mwaka 2005 bei ya artemisinini katika soko la dunia ilizidi dola 1,000 kwa kilo. Kufikia 2007 ilikuwa imeshuka hadi kama dola 200, kwa sababu kila aliyesikia bei alipanda. Walioumia ni wakulima na wachuuzi waliokuwa wameshika majani bila mkataba wa bei.

Kuitofautisha na fivi si vigumu mmea ukiwa mbichi. Annua ni ya msimu mmoja. Husimama kwa shina moja lenye matawi pande zote kama mti wa Krismasi. Jani lake ni kijani pande zote mbili na halina ule uvumbi mweupe wa vinyweleo kwa chini. Harufu yake ni tamu zaidi. Mbegu zake ni ndogo mno, gramu 1 hubeba zaidi ya mbegu 10,000, na kwa kawaida wakulima huzianzisha kwenye kitalu.

Fivi haitumiki kutengenezea artemisinini. Anayekuuzia fivi kwa bei ya annua anakuibia, na wewe ukimuuzia mwenye kiwanda fivi kwa jina la annua, maabara itakuumbua.

Wanaofanana nayo

Anayeleta hatari kubwa zaidi ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika, na katika nchi kadhaa kuingia kwake kunahusishwa na shehena za nafaka. Lilionekana Uganda mwaka 2008 na Arusha, Tanzania, mwaka 2010. Kenya ilitangaza rasmi mwaka 2010 kuwa ni gugu haribifu.

Likiwa changa hulala chini kama duara la majani yaliyokatikakatika, na mtu anaweza kuapa kuwa ni pakanga. Likikomaa husimama na kutoa maua madogo meupe, na hiyo ndiyo tofauti rahisi: maua meupe si fivi wala annua. Halina harufu ile ya mafuta. Huota barabarani, kwenye maegesho ya malori, mashamba yaliyoachwa, na pia kandokando ya mito, kwa sababu mbegu zake hubebwa na maji ya mafuriko. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi.

Gugu hili huwasha ngozi, huleta mafua ya mzio na pumu kwa baadhi ya watu, na ng'ombe akilila maziwa yake huharibika ladha. Mchumaji na mpakiaji wasilishike kwa mikono mitupu.

Mwingine wa kuangalia ni leleshwa, kichaka cha Bonde la Ufa nchini Kenya. Kina rangi ya kijivu na harufu ya kafuri, hivyo pua inaweza kudanganyika. Lakini jani la leleshwa ni zima, halikukatikakatika, na huota maeneo makavu.

Namna ya kukagua gunia

Majani yakishakauka na kuvunjika, umbo hupotea. Hata hivyo ukaguzi unawezekana bila mashine.

Kwanza, usichukue sampuli ya juu tu. Chukua kiganja kimoja juu, kimoja katikati na kimoja chini ya gunia, na ufanye hivyo kwa magunia kadhaa uliyoyachagua wewe, siyo uliyochaguliwa.

Pili, loweka sampuli hizo kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10. Vipande vya majani hukunjuka, na hapo unaweza kuona kama jani limekatikakatika na kama chini yake kuna vinyweleo vyeupe. Kioo cha kukuzia kinasaidia sana.

Tatu, tafuta maua. Vidonge vya manjano vinakubalika. Ukiona vichwa vyeupe vyenye mbegu nyeusi, simamisha biashara.

Nne, pima wingi wa vijiti. Mnunuzi hulipia majani, lakini muuzaji asiye mwaminifu hujaza mashina kuongeza uzito.

Tano, mwombe mchumaji akuletee tawi zima lenye maua kutoka sehemu ileile. Libane katikati ya magazeti likauke, andika mahali, mwinuko na tarehe. Tawi hilo linaweza kupelekwa kwenye hifadhi za sampuli za mimea zilizopo Nairobi, Arusha na Chuo Kikuu cha Makerere ili jina lithibitishwe. Kwa mzigo wa annua, kipimo cha maabara cha kiwango cha artemisinini hakiepukiki.

Hesabu ya maji na vijiti

Tuchukue mfano, bei ikiwa ya kufikirika tu. Umenunua kilo 1,000 kwa shilingi 3,000 kila kilo, jumla shilingi milioni 3. Majani yana unyevu wa asilimia 20, lakini mkataba wako na mnunuzi unataka asilimia 10.

Katika kilo 1,000 hizo, kilo 200 ni maji na kilo 800 ni majani yenyewe. Ukikausha hadi asilimia 10, mzigo wako utakuwa kilo 889. Kilo 111 zimepotea hewani, na bei yako halisi imekuwa kama shilingi 3,375 kwa kilo. Mnunuzi akichambua na kutoa asilimia 10 ya vijiti, unabaki na kilo 800, na kila kilo imekugharimu shilingi 3,750. Hiyo ni robo nzima juu ya bei uliyodhani umenunulia, na bado hujalipa usafiri.

Ndiyo maana mzigo wa "bei poa" unaweza kuwa ghali kuliko ule wa jirani uliokaushwa vizuri kivulini. Aidha, majani mabichi yakifungwa kwenye magunia hupata joto na kuvunda, na ukungu ukishaingia hakuna dawa.

Karatasi za mpakani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa majani makavu ya aina hii, mambo ya kukamilisha kabla lori halijaondoka ni haya:

- Kibali cha kuingiza mimea kutoka nchi unayopeleka, kinachoeleza masharti yao. Hiki hutangulia.

- Cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unayotoka. Tanzania kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya na KEPHIS, na Uganda na Wizara ya Kilimo.

- Jina la kitaalamu la mmea katika nyaraka zote. "Artemisia" peke yake haitoshi. Iandikwe Artemisia afra au Artemisia annua.

- Kifungu sahihi cha ushuru. Mimea ya matumizi ya dawa na manukato imo katika kifungu 12.11. Mafuta ya kunukia yamo katika kifungu 33.01. Kuandika "chai" ili kurahisisha mambo ni tamko la uongo.

- Cheti cha asili ya bidhaa. Wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 wana utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizomo katika orodha ya pamoja. Hakikisha kwanza kama bidhaa yako imo. Kumbuka pia kuwa cheti hicho kinahusu ushuru tu, hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea.

Jambo jingine ni maneno ya kwenye kifungashio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tamko kuwa haliungi mkono matumizi ya mmea wa artemisia wenyewe, kwa umbo lolote, kukinga au kutibu malaria. Mwaka 2020, baada ya Madagascar kutangaza kinywaji chake chenye artemisia wakati wa ugonjwa wa Covid-19, mahitaji na uvumi vilipanda pamoja. Ukiandika "inatibu malaria" umehama biashara ya majani na kuingia biashara ya dawa, ambayo ina mamlaka zake na usajili wake. Fivi pia inaweza kuwa na thujoni katika mafuta yake, hivyo si kitu cha kumpa mjamzito kwa mazoea tu.

Ruhusa ya kuchuma

Kuiona fivi kando ya kijito si ruhusa ya kuivuna. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Kenya inatenga ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, hivyo kuchuma huko ni kosa. Katika misitu mingine ya hifadhi, kibali cha mamlaka ya misitu kinahitajika, na mzigo husafiri na hati yake.

Iwapo mnunuzi wa nje anataka mmea kwa ajili ya utafiti wa dawa au vipodozi, Itifaki ya Nagoya inayohusu mgawanyo wa faida inaingia. Kenya na Uganda ni wanachama, na idhini huombwa kabla.

Hata pale panaporuhusiwa, wachumaji wakate ncha za matawi tu. Mizizi ya vichaka hivi ndiyo inayoshika udongo wa ukingo. Ikingolewa, msimu unaofuata huna mzigo na kijiji hakina ukingo. Kwa anayetaka kiasi cha uhakika kila mwezi, njia iliyo salama ni kupanda vipandikizi vya fivi kwenye shamba la nyanda za juu. Vinashika kwa urahisi.

Kwa wasafirishaji

Majani makavu ni mepesi na yanajaza nafasi. Lori hujaa kabla halijafikia uzito wake, kwa hiyo panga nauli kwa ujazo au kwa safari, siyo kwa kilo. Tumia turubai zima, weka mbao chini ya magunia, na usichanganye na mafuta ya taa, mbolea au samaki, kwa sababu majani hunyonya harufu.

Dereva na utingo wakumbuke kuwa gugu karoti husafiri kwa magari. Mbegu hukaa kwenye matope ya matairi, sakafu ya bodi na magunia yaliyotumika. Fagia bodi kabla ya kupakia na baada ya kushusha, osha chini ya lori ukitoka eneo lenye gugu hilo, na usiegeshe juu ya majani yenye maua meupe. Dakika 20 za kufagia ni nafuu kuliko siku tatu za kusubiri mpakani mzigo ukichambuliwa.

Mwisho, kabla ya kulipa, mfanyabiashara awe na majibu ya maswali manne. Je, chini ya jani kuna weupe? Maua ni ya rangi gani? Limechumwa mlima gani, mwinuko gani? Na nani aliruhusu lichumwe? Muuzaji anayeujua mmea wake atajibu yote manne papo hapo. Asiyeweza, mwachie gunia lake.